Transpozi sifuri: kisa cha mpiga kinanda wa kwaya aliyekwenda kusomea piano Raskazone

Kisa hiki kinawahusu watu wawili wa Tanga. Wa kwanza ni fundi cherehani wa Ngamiani, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ambaye tangu ujana wake amekuwa mpiga kinanda wa kwaya ya kanisa lake. Wa pili ni mama mmoja mwalimu mstaafu, mkazi wa Raskazone, aliyekubali kumfundisha piano peke yake, nyumbani kwake, mara moja kwa juma. Wote wameniruhusu niandike mradi nisitaje majina. Nitawaita kama wanavyoitana wenyewe: Fundi na Mwalimu. Mimi nafundisha muziki shuleni, na niliketi pembeni katika baadhi ya vipindi vyao, kwa hiyo mengine nimeyaona na mengine nimesimuliwa.

Nakileta kwa sababu watu wakizungumzia mwalimu wa peke yako huzungumzia raha zake: unapanga saa unayoitaka, unajifunza wimbo unaoupenda, hakuna wa kukucheka. Raha hizo zipo. Ila kwa Fundi kilichofanya kazi kilikuwa kingine, na baadhi ya raha hizo Mwalimu alimnyima waziwazi.

Umeme ulipokatika

Yote yalianzia kwenye harusi ya mwanakwaya mwenzake Fundi. Kulikuwa na kwaya, kinanda na kikundi cha tarumbeta. Wimbo wa kuwaingiza maharusi ulipangwa E flati, kii (yaani noti ambayo do ya wimbo inakaa) ambayo wapiga tarumbeta huipenda kwa kuwa ala zao nyingi zimeumbwa kwenye B flati, na kii za flati kwao ni njia ya nyumbani. Fundi akafanya alivyozoea: akabonyeza transpozi hadi +3, akapiga C. Kwa asiyekijua, kitufe hicho huhamisha sauti ya kinanda kizima. Kidole kinagusa C, spika inatoa E flati. Mtu anaweza kupiga kinanda miaka kumi bila kutoka kwenye vibonyezo vyeupe, na kwaya ikaimba kii yoyote itakayo.

Ubeti wa pili umeme ukakatika. Tarumbeta haziulizi habari za TANESCO. Zikaendelea, na kwaya ikaendelea nazo. Jenereta ikanguruma, Fundi akawasha kinanda chake upya, akasubiri kiitikio, akaingia kwa nguvu zote. Sasa, kinanda kile, kama vingi vya aina yake, kikizimwa husahau transpozi na kuanza na sifuri. Kwaya iko E flati, kinanda kiko C. Sauti ya pili wakaanza kuyumba kumfuata yeye, besi wakang'ang'ania tarumbeta, na maharusi wakawa bado wako katikati ya ukumbi. Fundi akaondoa mikono. Wimbo ukamalizika bila kinanda.

Wengi pale wangesema, "Nilisahau kitufe." Yeye alichoniambia ni hiki: "Ningekuwa naijua E flati, ningeiokota palepale." Kwa maoni yangu nusu ya kisa iko ndani ya sentensi hiyo. Mtu aliyelitambua tatizo lake hivyo amekwisha kumrahisishia mwalimu kazi.

Kipindi cha kwanza

Fundi alikwenda na daftari jipya na kalamu mbili. Aliamini ataanzishwa na mistari mitano ya kuandikia noti, ubaoni, kama mtoto. Baada ya shikamoo na marahaba na chai ya tangawizi, Mwalimu akamwambia aweke daftari chini, akae kwenye piano, apige wimbo wowote wa kwaya anaoujua vizuri.

Akapiga katika C. Mkono wa kushoto besi kwa oktavu, wa kulia kodi nene (noti kadhaa kwa pamoja; kodi za kinanda, si za TRA) na juu yake sauti ya kwanza. Safi kabisa.

"Sasa upige huohuo, do ikiwa D."

Akakwama noti ya tatu. Alikuwa anatafuta mi kwenye F nyeupe, na mi ya D iko kwenye F shapu, nyeusi. Akajaribu tena, akakwama tena, akacheka kwa aibu.

Mwalimu akagusa D, akamwambia, "Iimbe kwa nota." Fundi akaimba wimbo mzima kwa do-re-mi bila kukosea hata noti moja. Mwalimu akagusa A flati: akaimba. Akagusa B: akaimba. Akamwambia aimbe sauti ya tatu badala ya ya kwanza, naye akaiimba, na mapumziko yake yote.

Kuna jambo jingine lililotokea siku ile ambalo Fundi hakulitambua kabisa. Piano ya Mwalimu ni ya kusimama, ya zamani, na nyuzi zake zimeshuka karibu nusu toni chini ya kipimo cha kawaida, yaani ile A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Fundi wa kutyuni aliyeikagua alikataa kuipandisha hadi juu, kwa hofu kwamba nyuzi zenye kutu zingekatika. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na mvutano wa zote pamoja ni wa tani nyingi. Katika hewa ya chumvi ya Raskazone, hofu hiyo si ya kupuuzwa. Kwa hiyo Fundi alipopiga C, masikio yetu yalipokea kitu cha karibu na B. Mtu mwenye sikio linaloshika sauti moja kwa moja angeshtuka. Fundi hakutikisika. Sikio lake linapima umbali wa noti na noti, na jina la noti halimhusu.

Hapo Mwalimu alikuwa ameshapata majibu yake. Fundi ana sikio la mtu mzima katika kila kii, mkono wenye makazi katika kii moja, na jicho ambalo kwenye mistari mitano halijawahi kufungua hata ukurasa. Darasa la watu kumi lingemwandika "anayeanza" na kumweka kiti cha mbele.

Kwa nini mkono ulibaki nyuma

Chanzo hakiko kwenye uvivu. Kiko kwenye namna kwaya zetu zinavyosoma muziki. Nota za kwaya, zile d r m f s l t zinazochapwa juu ya maneno, zilitokana na kazi ya mwalimu Mwingereza Sarah Glover na kuenezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19, kisha wamisionari wakaja nazo. Uzuri wake ni kwamba do inahama. Mwalimu wa kwaya akisema "do ni F", kila mtu anaijenga ngazi yake kuanzia hapo, na anayejua kuimba kii moja anajua zote. Kwa wanakwaya wasio na ala yoyote nyumbani, sijaona njia iliyo bora zaidi.

Kinanda kwa upande wake hakihami. Ukianza F, fa yako iko kwenye kibonyezo cheusi. Ukianza G, ti ndiyo iliyo nyeusi. Ramani ya vidole inabadilika kila mara. Transpozi ilikuja kuziba pengo hilo, na ikaliziba vizuri mno: Fundi hakuwa na sababu hata moja ya kujifunza ramani ya pili.

Sasa fikiria angepewa kitabu cha kawaida cha wanaoanza. Vingi huanza na C ya katikati, gumba juu yake, vidole vitano juu ya vibonyezo vitano vyeupe, na humweka mtu hapo kwa kurasa nyingi. Kwa mtoto wa miaka saba sina ugomvi nacho. Kwa Fundi kingekuwa ni kumlipisha ada ili akae palepale alipokuwa akikaa bure.

C yapigwa marufuku

Uamuzi wa Mwalimu ulikuwa wa kikatili kidogo. Alimwambia kwamba kwenye piano yake hakuna kupiga kii ya C mpaka atakapoambiwa. Nyimbo alizozipenda, zile alizokuja akitarajia kuzipamba, zikawekwa kando. Alipewa tenzi fupi anazozijua tangu utotoni, sauti ya kwanza peke yake, mkono mmoja, katika G. Anaimba nota kwanza, kisha vidole vinazitafuta. Wiki iliyofuata F. Halafu D, B flati, E flati, A flati.

Mpangilio huo una hesabu ndani yake, na Mwalimu aliifafanua kwa lugha ambayo Fundi tayari anaijua. Ukipanda kwenye kii za shapu, C kwenda G, kwenda D, kwenda A, kila hatua inaongeza shapu moja, na shapu hiyo mpya daima inaangukia ti. Ukienda upande wa flati, C kwenda F, kwenda B flati, kwenda E flati, flati mpya daima inaangukia fa. Basi mtu wa nota hana haja ya kukariri orodha. Anajiuliza: nimetoka wapi, na ti au fa yangu mpya iko wapi? Fundi aliposikia hilo alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kumbe nilikuwa naijua." Nimewafundisha watoto wa shule mzunguko wa kii kwa mchoro wa duara ubaoni, na sijawahi kuona ukiingia haraka namna ile.

Vibonyezo vyeusi vilimwogopesha. Vimeinuka, vyembamba, kidole kinateleza. Mwalimu akamwekea mkono juu ya skeli ya B, yaani ngazi ya noti zake, yenye vyeusi vitano, akamweleza kwamba Chopin alipendelea wanafunzi wake waanze na hiyo kabla ya C. Sababu yake inaonekana ukiutazama mkono. Vidole virefu vya katikati vinalala juu ya vyeusi vilivyoinuka, gumba fupi linabaki chini kwenye vyeupe. C, yenye vyeupe vitupu, ni rahisi kwa jicho na ngumu kwa mkono. Fundi alipanda na kushuka B kwa mkono wa kulia siku ileile, 1-2-3-1-2-3-4-5, na akaenda nyumbani akiwa na kitu cha kujivunia.

E flati ilichukua muda zaidi, kwa sababu mkono wa kulia hauanzi na gumba. Kinaanza kidole cha tatu, gumba linaingia chini kwenye F, na tena kwenye C. Mpigaji aliyezoea kuanzia gumba kila kii anajiona kama amevaa shati kinyumenyume. Mwalimu hakumwonea huruma hapo. Alimrudisha kwenye noti nne za mwanzo tu kwa kipindi kizima.

Mguu wa cherehani

Sehemu hii ndiyo niliyoifurahia kuliko zote, na ndiyo inayonifanya niamini kwamba baadhi ya mambo hayafundishiki bila mtu kuketi kando yako akutazame.

Fundi alipoanza kutumia pedali ya kulia, ile inayoinua viziba-sauti ili nyuzi ziendelee kulia, muziki wake ukawa matope. Kodi moja iliingia ndani ya nyingine. Alikuwa hajawahi kuitumia, kwa kuwa kinanda cha kanisani hakikuwa na pedali. Mwalimu alimsahihisha kwa maneno mara kadhaa na hakukubadilika kitu. Kisha akaacha kusikiliza, akainama kutazama mguu.

"Fundi," akasema, "unanishonea."

Mguu ulikuwa unakwenda kama uko kwenye cherehani ya kukanyaga: mbele na nyuma, mfululizo, sawasawa na mapigo, ukishuka pamoja na mkono. Kwa kazi ya kutwa nzima mguu ule umejifunza kutosimama. Piano inataka kinyume. Kodi mpya ikipigwa, mguu unainuka wakati uleule ili sauti ya zamani ikatike, na unashuka mara baada ya hapo kuidaka ile mpya. Mwalimu akampa kauli moja ya kusema kwa sauti kila anapobadili kodi: "Mkono chini, mguu juu." Kodi mbili tu, polepole, bila wimbo. Ilichukua wiki kadhaa, na dukani Fundi alilalamika kwamba sasa cherehani ndiyo inayokatakata uzi. Hilo nililichukulia kama mzaha. Yeye anasisitiza kuwa ni kweli.

Uzito wa vibonyezo nao ulikuwa somo. Kinanda cha kanisani kina vibonyezo 61, vyepesi, na sauti yake walikuwa wakiipandisha kwa kitufe. Piano ina 88, na kila kimoja kinarusha nyundo yenye kitambaa kizito kwenye uzi. Sauti inakuwa kubwa au ndogo kulingana na kasi ya kidole. Ndiyo sababu chombo hiki, kilichoundwa na Bartolomeo Cristofori huko Italia mnamo 1700, kiliitwa kinanda chenye upole na nguvu. Fundi alikuwa anapiga noti zote nne za kodi kwa uzito mmoja. Badala ya kumfundisha nadharia ya misuli, Mwalimu alimwambia, "Sauti ya kwanza umeizamisha, wanakwaya wako wangekuzomea." Kidole cha tano kikaanza kuegemea. Alijua tayari kwaya inavyopaswa kusikika. Alichokosa ni kujua kwamba vidole navyo ni kwaya.

Kwenye mapigo alikuwa na deni na akiba. Deni: alikuwa amezoea ngoma ya mashine inayojipiga yenyewe, na ilipoondolewa alianza kukimbia. Akiba: amekulia Ngamiani, penye taarabu na ngoma za harusi, katika mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Mbili dhidi ya tatu, zinazowatoa jasho wanafunzi wengi wa piano, zilikuwa mwilini mwake tangu zamani. Mwalimu alimwekea mkono wa kushoto mwendo wa tatu na wa kulia mwendo wa mbili, akauliza, "Hii unaifahamu?" Fundi akaipiga mara ya kwanza. Wakaenda mbele.

Mazoezi bila piano

Fundi hana piano wala kinanda chake mwenyewe. Cha kwaya kinafungiwa kanisani. Kwa hiyo alijitengenezea cha kadibodi, kwa futi ya kushonea: oktavu moja ya piano, yaani vibonyezo saba vyeupe, ina upana wa takriban sentimita 16.5, kwa fundi ni inchi sita na nusu. Alikata oktavu tatu, akachora vyeusi kwa wino, akaziweka kwenye meza ya kukatia. Wateja wakichelewa, anapitisha skeli huku akiimba nota chini kwa chini.

Kadibodi inafundisha jiografia. Gumba linapopita, umbali wa kuruka, wapi vyeusi viwili na wapi vitatu. Haifundishi mguso hata chembe, na mtu akiikalia peke yake kwa miezi atakuwa na vidole vinavyojua njia na visivyojua kutembea. Mwalimu aliliona hilo mapema, akampa ruhusa ya kupita asubuhi kabla ya kufungua duka, dakika ishirini, siku tatu au nne kwa juma, bila kufundishwa. Fundi anafika kwa baiskeli, anapiga, anaaga, anaondoka. Wakati mwingine Mwalimu yuko jikoni na anapaza sauti, "Gumba!" kisha anaendelea na mambo yake. Kama ningeulizwa ni kipi kilichosogeza mbele kazi hii zaidi, kipindi cha saa nzima au asubuhi hizo, ningejibu asubuhi.

Masika iliwasumbua. Unyevu uliingia kwenye mbao, vibonyezo viwili vya katikati vikawa vinashuka na kukataa kupanda. Mwalimu huweka balbu ndogo inayowaka ndani ya piano, chini, ili joto lake lipunguze unyevu, ujanja wa zamani wa watu wa pwani wenye piano. Umeme ukikatika siku mbili, balbu nayo imelala. Wakapiga nyimbo za kii zinazokwepa vibonyezo hivyo.

Malipo ni ya mwezi, yanatolewa mwanzoni, na kipindi kilichokosekana bila taarifa hakirudishwi. Fundi alipendekeza alipe kwa kushona. Mwalimu akakataa: "Gauni nitakulipa, piano utanilipa. Tukichanganya hesabu, siku moja utanunia sindano na mimi nitanunia skeli." Nakubaliana naye.

Kanisani mambo yaharibika

Baada ya kama miezi mitatu, upigaji wa Fundi Jumapili ulishuka. Aliyekuwa anapiga bila kufikiri sasa alikuwa anafikiri: kidole gani, kii gani, mguu uko wapi. Aliingia kwa kuchelewa, alipoteza kodi alizozijua. Mwalimu wa kwaya, ambaye hana kosa katika hili kwa kuwa yeye anataka ibada iende, akamwambia: kama hayo masomo yanakuharibu, yaache.

Wanafunzi wengi wazima hupotelea hapa. Mkono wa zamani umeshavunjwa, mpya haujajengwa, na watu wanakusikiliza kila wiki. Ningetegemea Mwalimu amtie moyo, ampe hotuba ya subira. Hakufanya hivyo. Alikaa na orodha ya nyimbo za Jumapili inayokuja, akauliza wimbo upi ni mfupi, uko G au F, na unaimbwa wakati watu wanatoa sadaka. Huo ndio utapigwa bila kitufe. Mingine yote, transpozi, C, kama zamani, wala asijilaumu.

Nafahamu walimu ambao wangepiga marufuku kitufe moja kwa moja. Naona wangempoteza. Piano ya Raskazone ilikuwa mahali pa kuvunja, kanisa mahali pa kuhudumu, na Mwalimu alikataa kuviacha viingiliane zaidi ya wimbo mmoja kwa wiki. Sadaka ikawa na wimbo wa F, kisha wa B flati. Wimbo wa kutokea ukafuata. Siku kikundi cha tarumbeta kilipokuja tena na E flati yao, Fundi alipiga kwa vidole vyake mwenyewe, na kwa ushahidi wa mwalimu wa kwaya, hakuna aliyegundua tofauti yoyote. Kwa mpiga kinanda wa kwaya, hiyo ni sifa.

Mahali ninapotofautiana na Mwalimu

Alichelewa na mistari mitano. Kwa miezi ya mwanzo hakumgusisha kabisa, akisema mkono kwanza. Hoja yake ina uzito, lakini naona angeweza kuanza mapema, kwa dozi ndogo, kwa kuwa jicho nalo linahitaji muda mrefu wa kuzoea na halimwingilii mkono kama tunavyodhani. Matokeo yake, Fundi leo ana mikono inayopita kii sita na macho yanayosoma kama mtoto wa darasa la pili. Hesabu zake anazifanya kwa kunung'unika: mstari, nafasi, mstari. Ufunguo wa G anaumudu. Wa F, wa mkono wa kushoto, bado anausoma kwa noti za G kisha anajisahihisha, na kodi inakuwa imeshapita.

Lililomsaidia mwishowe ni kuacha kusoma majina ya noti. Mwalimu alimwekea utenzi anaoujua, umeandikwa kwa mistari mitano, akamwambia aweke kidole kwenye do na asome umbali tu: hatua, ruka moja, hatua, shuka. Hapo nota zake za kwaya zikaanza kumfanyia kazi tena. Zinakwama muziki unapohama kii katikati, au noti za pembeni, zisizo za kii ile, zinapoingia nyingi, kwa sababu do yenyewe inakuwa haijulikani iko wapi. Utenzi wa kanisani haufiki huko mara nyingi. Muziki wa piano hufika haraka.

Kulikuwa pia na suala la cheti. Fundi alisikia habari za mitihani ya muziki ya ABRSM ya Uingereza, yenye madaraja manane juu ya lile la utangulizi, na kwamba tangu 2020 kuna njia ya kujirekodi kwa video badala ya kumkabili mtahini. Alitaka. Mwalimu alimwambia asubiri, kwa sababu mwaka mzima ungeliwa na vipande vinne vya mtihani wakati kwaya inamhitaji kila wiki. Kwa mtoto anayetaka kusomea muziki chuoni Makumira ningemshauri vingine. Kwa mtu mzima mwenye duka, sina pingamizi.

Kwa sasa wamefungua ukurasa wa skeli ndogo (minor), A kwanza kisha D. Fundi ameruhusiwa C tangu muda mrefu, ila anaipita. Kipande anachosoma ni cha kurasa mbili, kwa mistari mitano, kina mabadiliko ya kii katikati, na mkono wa kushoto uko kwenye ufunguo wa F mwanzo hadi mwisho. Mwalimu amemkataza kukisikiliza popote kabla ya kumaliza kukisoma, maana akikisikia mara moja tu, sikio litafanya kazi ya jicho.